Kosa Moja la Watu Wawili

Arobaini ya Mwalimu Mwinyi ilisomwa Jumapili asubuhi, uani kwake Tandika, na mimi ambaye si Mwislamu wala si ndugu nilipewa nafasi kwenye mkeka wa mbele pamoja na wanaume wa ukoo. Hakuna aliyeshangaa. Katika nyumba ile wananiita mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha shule yoyote. Kazi yangu ni kutafsiri maelekezo ya mashine, pampu za maji hasa, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na naifanyia nyumbani Kinyerezi, kwenye meza moja inayotazama ukuta. Nilisikiliza dua, nikala pilau, nikasalimiana na watu ambao nywele zao zimekuwa nyeupe bila mimi kugundua. Kabla ya kuondoka nilipita jikoni kuaga, na niliyoyasikia huko yamenilazimisha kuandika sura hii. Ya wazazi wangu na ya kule nilikotoka nayaacha, hayahusiki. Ninachotaka kukiweka sawa ni mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na sita, mhudumu wa vyumba katika gesti moja ya Sinza, mwaka ambao nilishindwa kuelewa jambo moja la Kiingereza na ndoa ya mtu mwingine ikaingia matatani. Nilidhani mwaka huo naujua wote. Sasa sina hakika.

Gesti ilikuwa na vyumba kumi na viwili vilivyotazamana kwenye korido nyembamba yenye sakafu nyekundu ya kupigwa deki kila asubuhi. Wageni waliondoka kabla ya saa nne, mimi nikatoa mashuka, nikafua, nikaanika, na kufikia saa sita mchana korido ilikuwa kimya kabisa. Chumba namba tisa hakikupangishwa. Bomba la bafuni lilivuja, na mwenye gesti, Mama Kisa, aliniruhusu nisomee humo mpaka fundi apatikane. Fundi hakupatikana mwaka mzima. Kilikuwa na kitanda cha chuma kisicho na godoro, meza, viti viwili visivyofanana, na harufu ya sabuni ya mche ambayo hata leo nikiinusa dukani nafikiria vitenzi vya Kiingereza. Nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tulianza watano kwenye tuisheni ya Manzese, mwalimu akahama bila kuaga, tukakubaliana tuendelee wenyewe: kila mtu achukue mada zake, azisome peke yake, kisha awafundishe wenzake. Ndani ya miezi miwili watatu wakaacha. Tukabaki mimi na Rehema.

Rehema alikuwa mhudumu katika zahanati iliyokuwa mitaa miwili kutoka gesti. Alinizidi miaka miwili. Mume wake, Shaaban, aliendesha lori njia ya Tunduma na aliweza kukaa wiki mbili bila kulala kwake Tandika. Masomo mengine yote Rehema alikuwa ameshafaulu mwaka uliotangulia. Kilichobaki ni Kiingereza, na mganga wa zahanati alikuwa amemwahidi nafasi ya kwenda kusomea uuguzi akikipata. Zamu yake iliisha saa sita. Alifika akiwa amevuta ushungi mpaka karibu na nyusi, akapita mapokezi haraka, akaingia namba tisa, na mimi nikauzuia mlango kwa ndoo ili ubaki wazi. Hilo tulipatana siku ya kwanza. Dada wa mapokezi, Pendo, kutoka kwenye kiti chake aliweza kuona miguu ya meza na miguu yetu, na hakuacha kutuchokoza.

“Wengine wanalipia saa moja na mlango wanafunga,” alisema. “Nyie mnakaa masaa mawili, mlango wazi, mnasema ‘go, went, gone.’ Gesti ya watu mnaitia nuksi.”

“Mie nikifika getini naombaga nisionekane na mtu,” Rehema aliniambia siku moja. “Halafu najishangaa. Naficha nini sasa?”

Tulikula mezani palepale. Yeye alileta samaki wa kukaanga waliobaki nyumbani, wamefungwa kwenye gazeti; mimi nilivuka barabara kuchukua wali na maharage kwa mama lishe. Tulikula kwa mikono, tukanawa kwenye lile bomba linalovuja, kisha tukarudi kwenye vitabu. Nakumbuka vizuri kwamba hatukuwahi kuzungumza mambo ya nyumbani kwake. Nilijua jina la mumewe, basi. Alijua kwamba sipendi maharage yenye nazi nyingi. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama palikuwa na zaidi ya hapo, na sikumbuki.

Mada iliyoniangukia mimi ilikuwa ‘participle’, yale maumbo ya kitenzi yenye ‘-ing’ au ‘-ed’ mwishoni. Kitabu changu nilikinunua Tandale, chini kabisa, pembeni ya wauza nafaka, hakikuwa na jalada na kurasa kumi na sita hazikuwepo. Zilizokosekana ndizo zilizoeleza. Zilizobaki zilikuwa na jedwali la vitenzi na vichwa viwili vya habari: ‘present participle’ na ‘past participle’. Nilifanya alichoweza kufanya mtu asiye na wa kumuuliza: nilifuata majina. Kimoja kinaitwa cha wakati uliopo, kingine cha wakati uliopita, kwa hiyo tofauti yao ni wakati. Nikaendelea mbele zaidi. Nikaona kwamba Kiswahili kina -na- na kina -me-, nikaamua kwamba ‘-ing’ ndiyo -na- na ‘-ed’ ndiyo -me-. ‘Boiling water’ ni maji yanayochemka, yako motoni. ‘Boiled water’ ni maji yaliyokwisha kuchemka, yameepuliwa. ‘Tired’ ni nimechoka. Kila nilichokigusa kilikubali. Nilikata maboksi ya sabuni nikatengeneza kadi arobaini na mbili, mbele neno la Kiingereza, nyuma la Kiswahili, kwa herufi kubwa. Neno lililogoma kuingia kwenye kanuni nililiweka kwenye bahasha niliyoiandika BAADAYE. Leo, nikitafsiri, mtu akinionyesha kanuni inayohitaji bahasha, namwambia kanuni hiyo haifai. Wakati ule niliona bahasha kuwa ni utaratibu mzuri wa kazi. Kufikia wiki ya pili ilikuwa imevimba.

Nilimfundisha kwa siku tatu, nimesimama, nikionyesha kadi moja moja. Sisi tuliosoma shule za huku tuna desturi moja ambayo hakuna aliyetufundisha rasmi. Anayefundisha akiuliza, “Mmeelewa?” jibu ni moja tu, na linatoka hata kabla swali halijaisha. Tulikuwa wawili chumbani, lakini tuliifuata desturi kama vile tuko darasa la watu themanini.

“Umeelewa?”

“Nimeelewa, mwalimu.”

Siku ya tatu, hata hivyo, alishika kalamu bila kuandika. “Sasa mie nikitaka kusema nimechanganyikiwa,” akauliza, “naweka ipi?”

Nikafikiri kwa utaratibu. “Umeshachanganyikiwa ukamaliza, au bado unaendelea?”

“Naendelea.”

“Basi bado ni -na-. Andika, ‘I am confusing.’”

Akaandika. Akaitazama ile sentensi muda mrefu, midomo imebana. Nilidhani anaikariri.

“Umeelewa?”

“Nimeelewa, mwalimu.”

Tuliendelea hivyo wiki tatu nyingine, tukitunga sentensi kwa kanuni yangu. Kisha, Jumatatu moja, hakuja. Jumanne hakuja. Nilifikiri anaumwa. Jumatano saa saba mchana akaingia mwanamume mrefu, amevaa kandambili na shati safi la mikono mirefu, akasimama mbele ya Pendo bila kutoa salamu.

“Elia ni nani hapa?”

“Ni mimi, kaka. Karibu.”

“Mie Shaaban.” Alinitazama kuanzia miguuni. “Kuna mwenzangu wa barabarani kalala chumba namba nne. Kamwona mke wangu anaingia humu saa sita mchana. Siku ya pili kamwona tena. Kanipigia simu niko Tunduma, nimepanga foleni ya mpaka. Unajua kuendesha lori siku mbili huku unawaza kitu kimoja?”

“Tulikuwa tunasoma, kaka.”

“Hata yeye anasema hivyohivyo. Na mie ningekuwa nyie ningesema hivyohivyo.” Akaomba kuona chumba. Nikampeleka. Alitazama kitanda cha chuma. “Godoro liko wapi?”

“Hakina godoro. Hiki hakipangishwi.”

“Vipo vingine kumi na moja vina magodoro.”

Pendo alikuwa ametufuata. “Shemeji, mie ndo nakaaga hapa kutwa nzima, naona kila kitu, mlango wao—”

“Wewe dada unalipwa na gesti,” Shaaban alisema, bila ukali. “Shahidi wa gesti ni wa gesti.” Akanigeukia. “Jumamosi saa kumi alasiri, Tandika, kwa baba mkubwa wangu. Ukoo unakaa. Mama mdogo anataka niandike talaka kabla sijaondoka safari ya Jumatatu. Usipokuja, nimepata jibu.”

Sikulala vizuri siku hiyo, lakini nilifanya kazi yangu kama kawaida, na kwa sababu ya kazi hiyo jambo la pili likatokea. Chumba namba tatu alikuwemo mama mmoja wa Lusaka, mfanyabiashara wa vitenge, mnene, mcheshi, aliyejifunza Kiswahili chake Kariakoo. Alhamisi mchana nilimpelekea chakula, akaniona nimekunja uso, akaniuliza nina nini. Nikaona hiyo ni nafasi ya kujaribu Kiingereza changu. Nikamwambia, “Madam, I am confusing.”

Alicheka mpaka akaweka sahani chini. “Unamchanganya nani? Mimi?” Nikamweleza kwamba bado naendelea kuchanganyikiwa. Akatikisa kichwa, akanyanyua paja la kuku. “Huyu kuku ni ‘fried’. Ukisema ni ‘frying’, nitaogopa, nitadhani yeye ndiye kashika kikaango. Usiulize lini. Uliza nani. Anayefanya ni ‘-ing’. Aliyefanyiwa ni huyu, maskini.” Kisha akamla.

Nilirudi namba tisa nikamwaga bahasha mezani. Neno moja moja, yote yakaingia. Lililonichosha ni ‘tiring’, mimi niliyechoka ni ‘tired’, na wakati hauhusiki hata kidogo. ‘Confusing’ nilikuwa mimi kwa Rehema, na ‘confused’ alikuwa Rehema kwa sababu yangu. Nilikaa kwenye kile kiti hadi jua likahama dirishani. Ilikuwa furaha kubwa kuliko nyingi nilizowahi kuzipata, na ilichanganyika na hofu kwa kiasi ambacho sikuweza kuzitenganisha. Nilitamani kumwambia Rehema. Lakini kumfuata zahanati siku mbili kabla ya kikao kungemponza.

Jumamosi nilifika Tandika robo saa kabla. Walinikaribisha barazani kwa Mwalimu Mwinyi, wakaniletea chai ya tangawizi na vitumbua vinne kwenye sahani ya udongo, kwa sababu katika nyumba ile mgeni hula hata akiwa mshitakiwa. Ndani, nyuma ya pazia, palikuwa na wanawake, na sauti moja ilizishinda nyingine. Ilikuwa ya Bi Zena, mama mdogo wake Shaaban.

“Kiingereza gani hicho kinachofundishwa gesti?” alikuwa akisema. “Mie nimezaa saba, sijawahi kuingia gesti hata kuomba maji. Walimu wamejaa mjini huku, shule zimejaa, misikiti ina mabaraza. Wao wameona Sinza!”

“Zena, nyamaza kidogo,” sauti ya mwanamume ikasema. “Nina njia yangu.”

Mwenye sauti hiyo ndiye aliyekuwa Mwalimu Mwinyi, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Shaaban, aliyefundisha shule za msingi za Temeke mpaka alipostaafu. Nilisikia anamwita Rehema. Nilisikia kiti kinavutwa. Kisha nikasikia sauti ya Rehema ikizungumza kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai, ya chini, bila kukatizwa. Sikupata hata neno moja. Alipomaliza, wakamtoa kwa mlango wa nyuma, na mimi nikaitwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Kaa hapo.” Alikuwa mtu mdogo wa mwili, miwani imefungwa uzi upande mmoja, na mapajani ana karatasi iliyoandikwa kwa penseli. Shaaban alikaa chini, mgongo ukutani. “Kijana, mkwe wangu nimemuuliza swali moja, jibu lake nimeliandika hapa, na wewe nakuuliza lilelile. Mada ya mwisho mliyosoma ni ipi, na ilisemaje? Nieleze kama ulivyomweleza yeye. Kama mlikuwa mnasoma, karatasi hii na maneno yako vitafanana. Kama mlikuwa na mambo mengine, vitaachana.”

Nataka nieleze kwa usahihi kilichopita kichwani mwangu, kwa sababu kwa miaka mingi nimekiona kuwa ndicho kitendo changu kizuri kuliko vyote vya mwaka ule. Nilijua jibu sahihi. Nililijua kwa siku mbili tu na lilikuwa bado linaniwasha mdomoni. Mbele yangu alikaa mwalimu wa kweli wa kwanza kuniuliza swali tangu nilipoacha shule, na nilitaka, kwa namna ambayo hata sasa inanitia aibu, aone kwamba mpiga deki wa korido amelifikia jambo hili peke yake. Lakini Rehema hakuwa amekutana na mama wa Lusaka. Rehema alikuwa na kadi zangu. Bila shaka alikuwa ametoka kusema -na- na -me-, maji yaliyo motoni na maji yaliyoepuliwa. Nikisema kweli, karatasi ingeachana na maneno yangu, na talaka ingeandikwa Jumapili.

“Ilikuwa ‘participle’, mzee,” nikasema. “Ziko mbili. ‘Present’ ni ya kitu kinachoendelea, kama -na- yetu. ‘Past’ ni ya kitu kilichokwisha, kama -me-.”

“Mfano?”

“‘Boiling water’, yako motoni. ‘Boiled water’, yameepuliwa.”

“Mwingine.”

“Mtu ambaye bado anachanganyikiwa,” nikasema, na nikahisi masikio yanapata moto, “atasema, ‘I am confusing.’”

Mwalimu Mwinyi alifumba macho kama mtu aliyetafuna kijiwe kwenye wali. Akasoma karatasi yake. Akaisoma tena. Akampa Shaaban, akimwonyesha kwa kidole.

“Vimefanana,” alisema. “Hadi mfano. Shaaban, mwanangu, sikiliza. Jibu hili ni baya. Nimefundisha miaka yangu yote, sijawahi kulisikia baya la namna hii. Wangekuwa wamelisema sahihi wote wawili, ningesema labda kila mmoja kalitoa kwenye kitabu chake. Lakini wamekosea, na wamekosea pamoja. Watu wawili hawakosei hivi ila wamekaa meza moja. Hawa walikuwa wanasoma.”

Kisha nyuma ya pazia Bi Zena akasema, “Basi kama kusoma kwenyewe ndo huko, bora wangefanya hilo jingine!”

Mtu akacheka. Alikuwa Shaaban. Alicheka kichwa kimeinama, mikono imefunika uso, kwa muda mrefu kuliko ule utani ulivyostahili, na alipoinua kichwa macho yake yalikuwa mekundu. Akanyoosha mkono akanipa. “Kaka, samahani,” alisema. Sikuwa nimezoea kuombwa samahani. Nikaushika mkono ule.

Hukumu ilikuwa na masharti. Gesti basi. Tutasomea pale barazani kila Jumamosi, na Mwalimu Mwinyi atatufundisha mwenyewe, “maana nikiwaacha hivi,” alisema, “mtaliaibisha taifa.” Jumamosi iliyofuata Rehema alikaa mwisho mmoja wa mkeka, mimi mwisho mwingine, Bi Zena katikati yetu akichambua mchele. Mwalimu aliianza ‘participle’ upya. Uliza nani, alisema, usiulize lini; maneno karibu yaleyale ya mama wa Lusaka, bila kuku. Nilikunja uso. Nilikuna kichwa. Niliuliza swali la kipumbavu ambalo nilikuwa nimeliandaa nyumbani, ili nisionekane nimeelewa upesi mno. Rehema yeye hakujifanya chochote, au ndivyo nilivyoona: mara ya kwanza tu alitoa mifano mitatu sahihi. Nilimwonea wivu. Nilijiambia kwamba akili yake ni nyepesi, na kwamba wiki zile zote mimi ndiye niliyekuwa nimemfunga.

“Dakika kumi!” Mwalimu Mwinyi alimwambia Bi Zena. “Umeona? Dakika kumi, wameelewa.”

“Kwani hapa kuna godoro?” alisema Bi Zena, bila kuinua macho kwenye ungo.

Tulisoma hivyo mpaka mtihani. Na niseme ukweli: mengi niliyodhani nayajua siku ile ya Alhamisi niliyajua kwa juu tu, na mtu aliyeyashindilia ni yule mzee. Kusoma kitabu kizima bila kuruka kurasa, kuandika swali badala ya kulificha, kusema “sijaelewa” mbele ya mtu anayekutazama, yote niliyatoa kwenye baraza lile. Rehema alifaulu, akaenda kusomea uuguzi, na mpaka sasa ni muuguzi. Mimi nilifaulu pia. Shaaban alianza kuniita shemeji kwa utani, kisha utani ukaisha na neno likabaki. Kwa miaka yote hiyo nilibeba mambo mawili. La kwanza ni dhamiri: kwamba kwa ujinga wangu nilimfanya mwanamke asimame mbele ya ukoo wa mumewe aseme upuuzi. La pili, ambalo silo la kujivunia, ni fahari: kwamba nilijua, nikanyamaza, nikakubali kuonekana mjinga ili yeye asalimike. Sikumwambia mtu. Mwalimu Mwinyi amekufa akiamini amenifundisha kwa dakika kumi.

Jumapili hii ya arobaini, basi, nilipita jikoni kuaga. Rehema alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasuuza sahani kwenye beseni, amezeeka vizuri, miwani juu ya paji la uso. Wanawake wengine walikuwa wametoka kukunja mikeka. Nikampa pole tena, kisha, pengine kwa sababu mzee hayupo tena wa kuudhika, nikamwambia kitu nilichodaiwa na nafsi yangu muda mrefu.

“Dada Rehema, nisamehe kwa ile kanuni yangu. Nilikuponza siku ile.”

“Kanuni ipi?”

“Ya -na- na -me-.”

Akacheka kwa pua, akaendelea kusuuza. “Ile? Mie ile nilikuwa naijua zamani kwamba si kweli.”

Nikauliza tangu lini. Alisema tangu wiki ileile niliyomfundisha. Ile sentensi ya kuchanganyikiwa haikumwingia akilini, kesho yake akamuuliza mganga pale zahanati, mganga akamweleza wakati anafunga kidonda cha mtu.

“Wiki tatu,” nikasema. “Wiki tatu ulinijibu umeelewa, ukatunga sentensi.”

“Sasa ulikuwa umekata maboksi yote yale, Elia. Kadi arobaini na ngapi! Ningekwambia nini?” Aliweka sahani pembeni, akachukua nyingine. “Nilijua utakuja kulijua mwenyewe. Halafu yakatokea yale. Baba mkubwa aliponiuliza, nikajisemea, nikisema sahihi na huyu maskini akaja na kadi zake, nimekwisha. Nikasema zako. Hata ile ya ‘confusing’ nikaisema. Nilitaka kufa.”

Nilisimama na begi langu mkononi. Nilijaribu kulipanga jambo hili kama ninavyopanga kila kitu, la kwanza, la pili, na halikupangika. Mzee alisema watu wawili hawakosei hivi ila wamekaa meza moja, na ukoo mzima ukaridhika. Kumbe hapakuwa na aliyekosea. Palikuwa na watu wawili walioitwa kwa zamu, kila mmoja akikisia mwenzake atasema nini, na hakuna aliyekisia vibaya, hadi kwenye mfano.

“Hata mimi nilikuwa nimeshajua,” nikasema.

Mikono yake ikasimama ndani ya maji. “Tangu lini?”

“Tangu Alhamisi.”

“Kikao kilikuwa Jumamosi.”

“Ndiyo.”

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu namba tisa nikaiona ile midomo imebana, akiisoma sentensi ambayo haimwingii. Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, bila sauti, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya msiba, na hatukuweza kuacha. Pazia likafunguliwa. Shaaban aliingia na mkeka begani, mzee sasa, anachechemea mguu wa kulia, akatutazama mmoja baada ya mwingine huku na yeye anaanza kutabasamu.

“Mnacheka nini nyie?”

“Hamna kitu,” tukasema, wote wawili kwa pamoja.